Kutoka Jembe hadi Chungwa: Alama za Kura na Ushawishi wa Taswira katika Tanzania ya 1965 na Kenya ya 2005

1.0 Utangulizi

Mwezi Septemba 1965, mpigakura wa Tanzania Bara aliyekwenda kumchagua mbunge wake alikabidhiwa karatasi ya kura yenye picha mbili: jembe na nyumba. Miaka arobaini baadaye, tarehe 21 Novemba 2005, mpigakura wa Kenya aliyekwenda kuamua hatima ya katiba iliyopendekezwa alikabidhiwa karatasi nyingine yenye picha mbili: ndizi na chungwa. Katika matukio yote mawili picha hizo hazikubuniwa na wanasiasa walioshindana. Zilitolewa na mamlaka zilizosimamia mchakato, kwa madhumuni mawili: kumwezesha mtu asiyejua kusoma atambue upande anaoutaka, na kufanya hivyo bila kumvuta upande wowote. Lengo la kwanza lilifikiwa kwa kiasi kikubwa. Lengo la pili halikufikiwa, kwa kuwa tangu siku alama hizo zilipotangazwa, kila upande ulianza kuzigeuza kuwa tangazo la kampeni.

Insha hii inachunguza mgeuko huo. Mjadala kuhusu kampeni za kisiasa katika Afrika Mashariki mara nyingi huelekezwa kwenye hotuba, nyimbo na kaulimbiu, na picha ndogo iliyo kando ya jina la mgombea huchukuliwa kuwa suala la kiutawala tu. Hata hivyo, kwa mwananchi ambaye hakusoma ilani wala mswada wa katiba, picha hiyo ndiyo iliyokuwa kiungo cha mwisho kati ya yale aliyoyasikia mkutanoni na alama aliyoiweka kwenye karatasi. Swali linaloongoza insha ni hili: kwa nini alama zilizoteuliwa kwa sababu ya ukawaida wake ziligeuka kuwa nyenzo za ushawishi, na kwa nini ziligeuka kwa namna tofauti katika nchi hizi mbili?

Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya taswira ya kampeni hutegemea zaidi uhuru walio nao watu wa kuishika, kuifafanua na kuihamisha kuliko maana iliyomo ndani ya picha yenyewe. Jembe na nyumba zilibaki kuwa alama za maneno, kwa sababu mazingira ya chama kimoja yaliruhusu zifafanuliwe jukwaani na kuishia hapo. Chungwa liligeuka kuwa alama ya mavazi, ya umati na hatimaye ya chama, kwa sababu mazingira ya 2005 yaliruhusu litoke karatasini na kuingia mitaani.

2.0 Mkabala wa uchambuzi

Uchambuzi huu unatumia wazo lililoelezwa na Roland Barthes mwaka 1964 katika uchunguzi wake wa picha za matangazo ya biashara. Barthes alieleza kwamba kila picha hubeba maana nyingi kwa wakati mmoja, na kwamba maneno yanayoambatana nayo hufanya kazi ya nanga: huizuia isipeperuke na kuifunga katika maana moja anayoitaka mtangazaji. Picha ya nyanya na tambi haisemi kitu kimoja mpaka maneno yaje na kuchagua.

Wazo hili linaifaa alama ya kura kuliko bango la kawaida. Bango hutoka kwa mtangazaji likiwa limekwisha kutiwa nanga: picha, jina na kaulimbiu hutengenezwa pamoja. Alama ya kura hutoka kwa msimamizi ikiwa haina nanga. Imeachwa wazi kwa makusudi, kwa imani kwamba uwazi huo ndio usawa. Lakini chombo kisicho na nanga hakikai mahali pake. Kinasubiri mtu wa kwanza atakayekifunga kamba. Kwa hiyo suala la msingi kwa mwanahistoria ni kutambua nani aliruhusiwa kutia nanga, kwa njia gani na mbele ya nani.

3.0 Usuli wa alama za kura

Matumizi ya picha kwenye karatasi au masanduku ya kura yana historia pana kuliko Afrika Mashariki. Mfano mashuhuri ni India, ambako uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya uhuru, uliofanyika kati ya 1951 na 1952, uliwahusisha mamilioni ya watu wasiojua kusoma. Vyama vilipewa alama za vitu vya kawaida, na chama cha Congress kiligombea kwa alama ya jozi ya fahali waliofungwa nira. Kwa nchi ya wakulima, fahali hao walikuwa tayari ni hoja. Hivyo tatizo tunalolijadili lilizaliwa pamoja na suluhisho lake: kitu kinachotambulika na kila mtu ni kitu ambacho kila mtu tayari ana hisia juu yake.

Nchini Kenya, vyama vya wakati wa kudai uhuru vilijichagulia alama kwa kulijua hilo. KANU ilijitambulisha kwa jogoo, ndege anayetangaza mapambazuko, na taswira hiyo ilishikamana na chama hicho kwa miongo mingi. Hapa hakukuwa na dai la kutoegemea upande. Chama kilichagua picha yake kama kinavyochagua jina. Mifano ya 1965 na 2005 ina uzito wa pekee kwa kuwa ndani yake dai hilo lilikuwapo, na kwa hiyo tunaweza kupima umbali kati ya nia ya msimamizi na matokeo yake.

4.0 Jembe na nyumba: Tanzania, 1965

4.1 Mazingira ya uchaguzi

Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, TANU ikishika nafasi hiyo upande wa Bara na Afro-Shirazi upande wa Zanzibar. Swali lililofuata lilikuwa namna ya kuwapa wananchi nafasi halisi ya kuchagua ilhali hakuna chama cha pili. Jibu lilitokana na mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa: katika kila jimbo, wanachama wawili wa TANU wangepambanishwa. Mkutano wa wilaya uliwapigia kura waliojitokeza, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikafanya uteuzi wa mwisho. Majimbo yalikuwa 107, na katika mengi yake wapigakura walipata kuchagua kati ya watu wawili.

Kanuni za kampeni zilibana sana. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea wote wawili wakapanda jukwaa moja mbele ya hadhira moja. Ilikatazwa kuomba kura kwa misingi ya kabila, rangi au dini. Lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Wagombea walitoka chama kimoja, wakafuata sera moja na kuapa uaminifu kwa kiongozi mmoja. Kwa kuwa tofauti za itikadi hazikuruhusiwa na za asili zilikatazwa, mgombea alibakiwa na vitu vichache vya kumtenganisha na mwenzake: sifa zake binafsi, utumishi wake katika wilaya, na picha aliyopewa.

4.2 Je, jembe lilikuwa kitu cha kawaida?

Kwa mtazamo wa msimamizi, jembe na nyumba ni vitu ambavyo kila Mtanzania alivijua, visivyohusishwa na kabila lolote wala dini yoyote. Hilo ni kweli. Lakini kufikia 1965 jembe lilikuwa limekwisha kupewa kazi kubwa katika lugha ya taifa. Lilikuwamo katika ngao ya Taifa, likipishana na shoka. Kaulimbiu ya TANU baada ya uhuru, Uhuru na Kazi, ilipata sura yake ya wazi zaidi katika mkulima mwenye jembe. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 juu ya ujamaa, alitumia methali ya wahenga inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu, ili kuonesha kwamba katika jamii ya asili hakukuwa na mtu aliyekula bila kufanya kazi. Mgombea aliyepewa jembe alipokea chombo kilichokwisha kutiwa nanga na serikali yenyewe.

Nyumba nayo haikuwa mikono mitupu. Katika Kiswahili neno hilo hubeba zaidi ya kuta na paa. Nyumba ni ukoo, ni ndoa, ni heshima ya mtu mbele ya majirani. Aidha, katika miaka hiyohiyo TANU ilikuwa ikijenga mfumo wa mashina ya nyumba kumi, ambao ulimfanya mjumbe wa nyumba kumi kuwa kiungo cha chini kabisa kati ya kaya na chama. Neno nyumba lilikuwa limeanza kusikika kama neno la siasa.

4.3 Mashindano ya ufafanuzi

Watafiti waliofuatilia uchaguzi huo, ambao kazi yao ilihaririwa na Lionel Cliffe na kuchapishwa mwaka 1967, waliutazama kama jaribio la demokrasia ndani ya chama kimoja. Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni kwamba alama ziliingia katika hotuba. Mantiki ya mabishano haya si ngumu kuijenga upya. Mwenye jembe alikuwa na hoja ya chanzo: pasipo jembe hakuna chakula, na pasipo chakula hakuna wa kulala ndani ya nyumba. Mwenye nyumba alikuwa na hoja ya mwisho wa safari: mkulima hulima ili arudi nyumbani, na jembe lenyewe, jua likizama, huhifadhiwa ndani ya nyumba. Kila hoja ilikuwa na jibu lake, na hakuna iliyoweza kumaliza mjadala.

Msomaji anayejua utamaduni wa majibizano katika fasihi simulizi ya Kiswahili ataitambua namna hii ya kushindana mara moja. Ni malumbano: kitu kimoja hupewa sifa, mpinzani akakipindua kwa maneno yaleyale. Ushawishi wa picha hapa ulifanyika kwa mdomo. Picha yenyewe ilibaki ndogo, nyeusi na isiyobadilika kwenye karatasi. Yaliyobadilika ni maneno yaliyoizunguka. Na kwa kuwa wagombea walisimama jukwaa moja, hakuna aliyeweza kutia nanga bila mwenzake kuwapo tayari kuing'oa.

Ni muhimu pia kutokuza nafasi ya alama kupita kiasi. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza, huku Amir Jamal na Derek Bryceson, ambao hawakuwa na asili ya Kiafrika, wakichaguliwa na wapigakura ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Matokeo ya namna hiyo hayawezi kuelezwa kwa jembe wala nyumba. Yanaonesha kwamba wapigakura waliwapima watu, na kwamba alama, zikiwa zimezuiwa kutoka nje ya jukwaa la pamoja, zilibaki kuwa kitambulisho na kiungo cha hotuba. Mfumo huo uliendelea kutumika katika chaguzi zilizofuata za chama kimoja, na jembe na nyumba zikaingia katika kumbukumbu ya kizazi kizima bila kuzaa kundi lolote la kisiasa lililojiita kwa majina hayo.

5.0 Ndizi na chungwa: Kenya, 2005

5.1 Mazingira ya kura ya maoni

Kura ya maoni ya 2005 ilitokana na safari ndefu ya kutafuta katiba mpya. Mkutano wa kitaifa uliofanyika Bomas of Kenya ulitoa rasimu mwaka 2004. Rasimu hiyo ilifanyiwa mabadiliko, hasa kuhusu mamlaka ya rais na waziri mkuu, na toleo lililopelekwa kwa wananchi likajulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu, Amos Wako. Rais Mwai Kibaki aliongoza upande wa kuliunga mkono. Upande wa kulipinga uliwaunganisha mawaziri wa serikali yake mwenyewe, akiwamo Raila Odinga, na upinzani rasmi wa KANU chini ya Uhuru Kenyatta.

Tume ya Uchaguzi ilitoa alama ya ndizi kwa waliosema ndiyo na chungwa kwa waliosema hapana. Ni vigumu kufikiria vitu visivyo na siasa kuliko hivyo. Ni matunda ya sokoni, ya bei nafuu, yanayoliwa pwani na bara, na tajiri kwa maskini. Hayakuwamo katika nembo ya taifa wala kaulimbiu ya chama. Kwa kipimo cha kutoegemea upande, matunda haya yalifaa kuliko jembe na nyumba.

5.2 Tunda lililo na rangi yake

Iwapo ushindani ungekuwa wa sauti, ndizi ilikuwa na faida. Katika Kiswahili, ndizi na ndiyo huanza kwa silabi moja, na mfanano huo ni msaada mzuri wa kumbukumbu. Chungwa halina mfanano wowote na hapana wala la. Lakini ushindani haukuwa wa sauti. Ulikuwa wa macho, na hapo chungwa lilikuwa na sifa ambayo ndizi haikuwa nayo: jina la tunda ndilo jina la rangi. Tunaposema rangi ya chungwa, tunda na rangi huwa kitu kimoja. Ndizi inaweza kuwa ya kijani ikiwa mbichi na ya njano ikiwa mbivu, na hakuna rangi inayoitwa kwa jina lake katika mazungumzo ya kawaida.

Tofauti hii inaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo iliyoiwezesha alama kusafiri. Mtu anayetaka kuonesha kwamba yuko upande wa jembe lazima abebe jembe au picha yake. Anayetaka kuonesha kwamba yuko upande wa chungwa anahitaji shati, kofia, kitambaa cha kichwani au utepe tu. Mikutano ya upande wa hapana iligeuka kuwa bahari ya rangi moja, na matunda halisi yaliinuliwa majukwaani. Magazeti na televisheni, ambazo wakati huo zilikuwa na uhuru mpana kuliko miaka ya utawala wa chama kimoja, zilizisambaza picha hizo nchi nzima. Mshiriki wa mkutano hakuwa tena mtazamaji wa tangazo. Alikuwa sehemu yake.

5.3 Picha badala ya maandishi

Katiba ni hati ndefu yenye sura nyingi, na mtu anaweza kukubali sura moja na kukataa nyingine. Ndizi na chungwa hazina sura. Zilimtaka mpigakura achukue zima au aache zima. Kadiri kampeni ilivyosonga mbele, mazungumzo juu ya mgawanyo wa madaraka, ardhi au mahakama yalifinyangwa na kuwa mazungumzo juu ya nani yuko na nani: watu wa ndizi na watu wa chungwa. Alama iliyotolewa ili kumsaidia mwananchi atambue jibu lake ilianza kumtambulisha yeye mwenyewe.

Matokeo yalikuwa ushindi wa chungwa kwa takriban asilimia 58 dhidi ya 42. Siku mbili baadaye Rais Kibaki alilivunja baraza la mawaziri. Waliokuwa upande wa hapana hawakuiacha rangi yao. Waliunda vuguvugu lililokuja kuwa chama cha Orange Democratic Movement, ambacho kiliingia katika uchaguzi wa 2007 kikiwa na chungwa kama nembo yake. Hivyo alama iliyotolewa na tume kwa shughuli ya siku moja ilidumu kuliko rasimu iliyokataliwa. Hatuwezi kudai kwamba tunda lilisababisha migogoro iliyofuata. Mizizi ya migogoro hiyo ni ya zamani na ya kina zaidi. Tunachoweza kusema ni kwamba liliwapa watu waliokwisha kugawanyika sare za kuvaa.

6.0 Mjadala

Ulinganisho wa matukio haya mawili unatoa mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba ukawaida wa kitu haumaanishi kwamba hakina upande. Jembe lilikuwa na upande kabla ya uchaguzi kwa sababu taifa lilikuwa limelisifu. Chungwa lilipata upande baada ya kutolewa kwa sababu lilikuwa tupu na jepesi kubebeka. Utupu na historia, kila kimoja kwa njia yake, huukaribisha ushawishi.

La pili ni kwamba maana ya picha haitoshi kueleza nguvu yake. Kwa maana, jembe lina utajiri mkubwa kuliko chungwa: lina methali, jasho na njaa nyuma yake. Hata hivyo, halikujenga kundi. Chungwa, lisilo na methali ya kujivunia, lilijenga chama. Tofauti iko katika njia za usambazaji. Mwaka 1965 chama kilimiliki jukwaa, ratiba na mipaka ya usemi. Picha ilifika hadi pale sauti ya mgombea ilipofika. Mwaka 2005 hapakuwa na mmiliki mmoja wa jukwaa, na kila mwenye shati la rangi hiyo alikuwa mchapishaji.

La tatu linahusu gharama. Ni rahisi kusifu kampeni ya 2005 kwa uhuru wake na kuilaumu ya 1965 kwa kubanwa, au kinyume chake kuisifu ya 1965 kwa utulivu wake. Kila moja ililipa. Tanzania ilipata malumbano ya heshima kwa kuondoa mezani maswali makubwa ya sera, ambayo wapigakura hawakuulizwa. Kenya iliwauliza wananchi swali kubwa kuliko yote, kisha swali hilo likamezwa na rangi.

Wasimamizi wa Kenya waliliona tatizo hilo. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, matunda yaliachwa na rangi zikatumika waziwazi: kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Zaidi ya theluthi mbili ya kura zilizohesabiwa ziliikubali katiba. Lakini yeyote aliyewahi kusimama kwenye taa za barabarani anajua kwamba kijani huruhusu na nyekundu huzuia. Rangi hizi nazo zilifika zikiwa na nanga.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba alama za kura, ambazo huhesabiwa kuwa vifaa vya utawala, ni sehemu ya historia ya ushawishi wa kisiasa katika Afrika Mashariki. Alama isiyoegemea upande haipatikani kwa kutafuta kitu cha kawaida zaidi, kwa kuwa mapambano ya kuipa maana huanza baada ya kitu hicho kuteuliwa. Inafuata kwamba usawa wa kampeni hauwezi kulindwa kwa uteuzi wa picha peke yake; unahitaji kanuni na nafasi zinazohakikisha kwamba kila anayetia nanga anaweza kujibiwa mbele ya hadhira ileile. Jukwaa la pamoja la 1965, pamoja na kasoro zote za mfumo uliolizaa, lilikuwa na sifa hiyo, na ndilo jambo ambalo kampeni za vyama vingi hazijalirithi. Mpigakura asiyejua kusoma, ambaye kwa ajili yake alama hizi zilibuniwa, anastahili kujua picha inawakilisha nini kabla ya kuombwa aivae.